Track 07: uchambuzi wa kisa cha singeli na majina yaliyopotea Dar es Salaam

Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyo uitwao Sounds of Sisso, wenye kazi zilizotoka studio ya Sisso, Mburahati, Dar es Salaam. Kwa wasikilizaji wengi wa Ulaya, hapo ndipo waliposikia singeli, muziki wa kasi wa mitaa ya Dar es Salaam, kwa mara ya kwanza. Mwaka 2018 ikafuata Poaa ya Bamba Pana, 2019 Tatizo Pesa ya Jay Mitta, 2022 Mr Mixondo ya DJ Travella. Anayetaka kuijua singeli kuanzia hapo ana pa kushika: jina la kazi, prodyuza, studio na mwaka.

Akirudi nyuma miaka kumi tu, mkono unashika hewa. Muziki ulikuwepo, tena kwa sauti ya kutikisa mabati: Tandale, Manzese, Mburahati na mitaa ya jirani ilikuwa ikikesha nao kwenye vigodoro, yaani shughuli za mtaani za usiku kucha. Lakini kilichobaki cha miaka hiyo ni mafaili kwenye memori kadi na simu za zamani, mengi yakiitwa Track 01, Track 07, au "singeli mpya kali". Nani alitengeneza biti, nani alichana (aliyerap juu yake), ilirekodiwa wapi, mwaka gani: hayo hayakuandikwa popote. Kisa kinachochambuliwa hapa ni namna majina hayo yalivyopotea, yepi bado yanaweza kurudishwa, na kwa kazi gani hasa.

Kwanza, ilikuwaje. Muziki wa dansi wa Dar es Salaam ulirekodiwa kwa miongo kadhaa na Radio Tanzania, na redio ya serikali, hata ikiwa na kasoro zake, iliandika: bendi, wimbo, tarehe. Mchiriku, ambao wengine huuita mnanda, haukubahatika hivyo. Ulikuwa muziki wa vinanda vidogo vya Casio vilivyopitishwa kwenye amplifaya chakavu na spika za tarumbeta, ukipigwa kwenye shughuli za uswahilini. Hata hivyo vikundi vya mchiriku viliuza kaseti, na kaseti ina jalada. Jalada lina jina la kikundi na orodha ya nyimbo, hata kama limechapwa vibaya. Jagwa Music wa Mwananyamala walifika hadi kutoa Bongo Hotheads kwa lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji mwaka 2012.

Singeli ilikua wakati kaseti inakufa. Wimbo ulitoka kwenye kompyuta ya studio ukaenda kwenye flashi, flashi ikaenda kwa DJ wa shughuli na kwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye memori kadi, kisha vijana wakarushiana kwa Bluetooth, na baadaye kwa Xender, programu ya simu ya kurushiana mafaili. Katika kila hatua hiyo kitu kimoja kiliachwa njiani. Hakuna jalada, hakuna risiti, na mwenye kibanda hubadili jina la faili ili limvutie mteja wake. Ndiyo maana wimbo mmoja unaweza kukutwa kwenye simu tatu kwa majina matatu, na nyimbo tatu zikakutwa kwa jina moja.

Sababu ya pili imo ndani ya muziki wenyewe, na hii ndiyo wageni wengi huikosa. Singeli ya mwanzo haikuwa na "wimbo" kwa maana ya kitu kilichokamilika studio. DJ alichukua kipande cha ala cha taarab ya kisasa, ile ya rusha roho, mara nyingi sehemu ya mwisho ambapo mwimbaji amenyamaza na kinanda kinachangamka. Akakikata, akakizungusha, akakiongeza kasi. Juu yake mchanaji alishika maiki na kuchana papo kwa papo: anamtaja mwenye shughuli, anawataja masela wa kona fulani, anampongeza aliyemtunza, anamrushia dongo mpinzani. Mtu akirekodi dakika nne za usiku ule kwa simu, au prodyuza akiirudia kesho yake studio, faili lile lina kazi ya pande tatu hadi nne: waliopiga taarab, DJ au prodyuza, mchanaji, na mara nyingine mtu wa pili anayeitikia. Ukiandika jina moja tu pembeni ya faili hilo, umefuta wengine wote.

Sasa tuchukue faili moja la mfano, Track 07.mp3, lililotoka kwenye memori kadi ya simu ya zamani, tulifuate hatua kwa hatua.

Kabla ya kulisikiliza, linakiliwa kama lilivyo na nakala hiyo haiguswi tena. Kosa la kawaida kabisa ni kulibadili jina papo hapo kuwa kile mtu anachodhani ndicho sahihi. Jina baya la faili nalo ni ushahidi: "Track 07" maana yake huenda lilitolewa kwenye CD ya kuchoma likiwa la saba, na Track 06 na 08 huenda ziko kwenye simu ya mtu mwingine wa mtaa uleule. Tarehe ya faili huandikwa pembeni, ila haiaminiwi. Faili lililorushwa kwa Bluetooth mara nyingi huchukua tarehe ya siku liliporushwa, na likionyesha Januari 1, 1980, simu hiyo haikuwekwa saa, kwa sababu memori kadi huanza kuhesabu miaka hapo.

Kisha ukubwa. Tuseme faili lina dakika 3 na sekunde 13 na uzito wa MB 3.1. Hesabu ya haraka: MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha data ya sauti kwa kila sekunde) hula karibu MB 0.96 kwa dakika, ya kbps 320 hula MB 2.4. Hii basi ni ya 128. Likifunguliwa kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, na kutazamwa kwa mwonekano wa masafa, sauti hukatika karibu na kHz 16. Lau lingekuwa la kbps 320 na bado linakatika hapo, tungejua kuna mtu alilichukua faili dogo akalikuza bila faida. Katika mafaili mawili ya wimbo mmoja, hilo la 320 ndilo la uongo, na kinachofaa kutunzwa kama cha karibu zaidi na asili ni lile la 128.

Halafu kasi. Imeandikwa mara nyingi kwamba singeli inakwenda kwa mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, na ndivyo ilivyo, lakini kila wimbo una namba yake na namba hiyo husaidia kutambua studio na kipindi. Programu za kompyuta hukosea hapa kila siku: wimbo wa 256 husomwa kama 128, kwa sababu programu imezoea muziki wa taratibu. Kugonga 256 kwa kidole bila kukosea nako ni kugumu. Njia inayofanya kazi ni kuhesabu pigo la kwanza la kila kundi la manne kwa sekunde 15. Ukipata makundi 16, zidisha kwa 4 upate 64, zidisha tena kwa 4 upate 256. Fanya hivyo mwanzo, katikati na mwisho, kwa kuwa nyimbo za kigodoro hupandishwa kasi njiani.

Kinachofuata ni saini za sauti, yaani majina au milio inayopachikwa kwenye wimbo kumtambulisha mhusika, na hapa pana utajiri. Faili la singeli linaweza kuwa na saini tatu zilizolaliana: ya studio, ya DJ, na ya tovuti au kibanda kilichosambaza. Watu wengi huchukua ile inayosikika zaidi na kuiandika kama studio. Mara nyingi wanakosea. Saini ya studio huingia pamoja na biti, hukatwakatwa na kurudiwa kwa mdundo, na kasi ikipandishwa nayo hupanda. Saini ya msambazaji imepachikwa juu baadaye: muziki unashuka ghafla ili isikike, na ukichukua nyimbo tano kutoka kwa msambazaji huyohuyo utaikuta kila mara kwenye sekunde zilezile. Ya DJ huwa katikati ya hizo mbili, na mara nyingi inakwenda na mlio wa king'ora au risasi. Andika zote tatu, kila moja na sekunde yake, na usiamue bado.

Baada ya hapo unatafutwa mzizi wa taarab. Kama kipande kiliongezwa kasi bila kufunga ufunguo, yaani bila kuizuia sauti isipande, sauti yake imepanda pia: kasi ikiwa mara moja na nusu, sauti imepanda nusutoni 7, ikiwa mara mbili, nusutoni 12, yaani oktavu nzima. Kwa hiyo punguza kasi kwa amri inayoshusha kasi na sauti kwa pamoja. Jaribu asilimia 33 kwanza, kisha 50. Ghafla mlio uliokuwa kama wa nyuki unageuka kinanda cha taarab kinachojulikana. Ikiwa DJ alifunga ufunguo kwenye Virtual DJ, programu ya kuchanganya nyimbo, amri hiyo itaishusha sauti kupita kiasi. Hapo tumia ile inayopunguza kasi peke yake. Kata sekunde 20 za kipande kilichopunguzwa na uwape wapenzi wa taarab waliosikiliza vikundi vya East African Melody, TOT na Jahazi enzi zao. Masikio hayo hushinda programu yoyote ya kutambua nyimbo, kwani programu hizo hushindwa kipande kikiwa kimebadilishwa kasi na kukatwa sekunde chache.

Mwisho wa upande wa faili ni maneno. Yaandikwe yote, pamoja na kelele. Majina ya watu wanaotajwa, kona, timu, aina ya simu: hapo ndipo mwaka unapojificha. Mchanaji anayetaja simu feki kuzimwa hawezi kuwa alirekodi kabla ya mpango huo kutangazwa, na simu hizo zilizimwa Juni 2016. Anayetaja mwendokasi kama kitu anachopanda yuko Mei 2016 au baada yake. Ving'amuzi na kuzimwa kwa matangazo ya televisheni ya analojia Dar es Salaam ni Desemba 31, 2012.

Alama hizohizo ndizo za kutumia unapokwenda kwa watu. Swali "ilikuwa mwaka gani?" huleta jibu la kubahatisha, na mtu akishalisema mara moja huling'ang'ania. Uliza: ilikuwa kabla au baada ya Kikwete kuingia? Mlikuwa mnatumia kompyuta ya nani? Nyumbani mlikuwa bado na antena au king'amuzi? Wimbo ulikuwa ukirushwa kwa Bluetooth au kwa WhatsApp? Majibu manne kama hayo hubana kipindi hadi mwaka mmoja au miwili, na hicho ndicho kiandikwe: "kati ya 2010 na 2012". Tarehe yenye pengo lakini ya kweli inafaa kuliko mwaka mmoja wa kubuni.

Mpangilio wa kuhojiana nao una maana yake. Aanze mwenye kompyuta, kwa sababu huenda faili la awali bado analo. Afuate mchanaji. DJ wa shughuli aje wa tatu, na mwenye kibanda wa mwisho. Ukianza na mchanaji, kila utakayemfuata atakuwa ameshasikia alichosema mwenzake, maana uswahilini habari haikai. Kila mmoja asikilizishwe wimbo kwanza bila kuambiwa jina lolote, ataje mwenyewe. Jambo likisemwa na watu wawili ambao hawakuwa pamoja, liandikwe kuwa limethibitishwa. Likisemwa na mmoja, liandikwe hivyo, na nani kasema. Dhana ya mwandishi ikae kwenye mstari wake, na iitwe dhana. Ugomvi wa nani alitengeneza biti fulani ni wa kweli na una uchungu, kwa hiyo pande zote mbili ziandikwe. Mwandishi si hakimu wa mtaa.

Majina ya usanii yanahitaji uangalifu wa pekee. Tafuta mchanaji Makaveli mtandaoni na utaletewa Tupac. Tafuta prodyuza Duke na utaletewa Duke Ellington, mwanamuziki wa jazz. Mtu akisoma "Makaveli, Dar" bila kitu kingine, baada ya miaka kumi hatajua ni nani. Kwa hiyo jina la msanii liandikwe pamoja na studio, mtaa, watu aliofanya nao kazi, na tahajia zote zilizowahi kutumika. Jina la kuzaliwa ni suala jingine. Halichapishwi bila ridhaa ya mwenyewe, hasa kwa waliochana wakiwa watoto wa shule. Vigodoro vimepigwa marufuku na viongozi wa serikali mara nyingi, na kuchapisha kwamba fulani alipiga spika nyumba fulani usiku fulani ni kumtafutia mtu balaa.

Hapa ndipo kisa kinapopanuka kidogo, kwa sababu Sounds of Sisso haikumaliza tatizo la kumbukumbu, ililigawa. Nje ya Tanzania, singeli iliandikwa kupitia prodyuza na kasi. Bamba Pana, Jay Mitta, Duke na Sisso mwenyewe ndio waliojulikana, na maneno ya wachanaji yalipita kama mlio mwingine tu, kwa kuwa msikilizaji hakuyaelewa. Nyumbani mambo ni kinyume: singeli ni wachanaji, Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Man Fongo alipotikisa mwaka 2016 na Hainaga Ushemeji, watu waliimba kibwagizo hadi kwenye daladala, na redio ya EFM iliupa muziki huu nafasi hewani ambayo haukuwa nayo. Lakini ukiuliza mashabiki hao biti ilipikwa na nani, wengi hawana jibu. Jiji moja, muziki mmoja, na kumbukumbu mbili ambazo kila moja ina shimo pale mwenzake alipojaa. Anayeandika kuhusu singeli kwa Kiswahili ana nafasi ambayo mwandishi wa Berlin hana: anaelewa dongo lililorushwa, na anaweza kwenda kumuuliza aliyerusha. Akiishia kunakili kwamba "ni muziki wa kasi sana", ameitupa nafasi hiyo.

Kwa nyimbo zinazorekodiwa leo, kazi yote hii ya upelelezi inaepukika kwa dakika kumi siku ya kurekodi. Karatasi moja inatosha: jina la wimbo, tarehe, studio, aliyetengeneza biti, waliochana, aliyechanganya sauti, kipande kilichochukuliwa na kimetoka wapi, na mgawanyo wa asilimia kati ya biti na maneno. Wote watie saini kabla ya mtu yeyote kuondoka na flashi. Asilimia zikijadiliwa baada ya wimbo kupata umaarufu, urafiki huvunjika, na karatasi hiyo haiandikwi tena.

Prodyuza wanaotumia FL Studio, programu ya kutengeneza biti, wana mtego wao. Faili la mradi halibebi ndani yake sauti zilizotumika. Linakumbuka tu zilikokuwa. Kompyuta ikifa au folda ikihamishwa, mradi unafunguka ukiwa bubu. Mradi uliokamilika uhifadhiwe kama kifurushi cha zip chenye sauti zote, na pembeni yake itolewe WAV, faili la sauti isiyobanwa, ya wimbo mzima, ya biti peke yake na ya sauti ya mchanaji peke yake. WAV ya kawaida ya kHz 44.1 na bit 16 hula karibu MB 10.6 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika nne katika matoleo hayo matatu hauzidi MB 130. Kuutuma kwa WhatsApp kama sauti ya kawaida kunaweza kuuharibu. Utumwe kama dokumenti.

Wimbo unapopandishwa kwenye majukwaa ya mtandaoni hupewa ISRC, namba ya herufi na tarakimu 12: mbili za nchi, tatu za aliyesajili, mbili za mwaka, tano za wimbo. Namba hiyo ni ya rekodi, na rekodi moja inastahili namba moja maisha yake yote. Kinachotokea mara kwa mara ni mchanaji kuupandisha wimbo kwa wakala mmoja, na prodyuza kuupandisha uleule kwa wakala mwingine. Wimbo unapata namba mbili, wasikilizaji wanagawanyika, na mapato yanakwenda njia mbili. Namba iandikwe kwenye karatasi ile ile, na anayebadili wakala ahame nayo.

Kuhusu vipande vya taarab, sheria ya Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999, inampa mtunzi haki yake bila hata kusajili, na mwenye rekodi ana haki yake ya kando. Kipande kimoja basi kinadai ruhusa mbili: ya aliyetunga na ya mwenye rekodi. Kwenye kigodoro hakuna aliyeuliza. Kwenye jukwaa la mtandaoni wimbo unaweza kushushwa siku moja, pamoja na hesabu yake yote. Wengi siku hizi hupiga upya kinanda kwa mtindo wa taarab badala ya kukata rekodi. Hilo linaondoa ruhusa ya pili, lakini ya kwanza inabaki kama mlio ni uleule wa mtunzi. Usajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, hauleti haki mpya, ila unaleta tarehe yenye muhuri, na kwenye ugomvi tarehe hiyo ina uzito.

Mkusanyaji naye asigeuke kibanda. Kuweka mafaili ya watu wazi ili kila mtu apakue ni kurudia kosa lililotufikisha hapa. Weka maelezo hadharani, mwelekeze msomaji mahali msanii anapouza, na wimbo wenyewe uwekwe pale tu wahusika wote walipokubali kwa maandishi.

Mafaili 500 ya zamani ya kbps 128, kila moja dakika nne, hayajazi hata GB 2, kwa hiyo gharama ya kuyatunza ni ndogo mno. Yasigeuzwe WAV kwa kudhani yataboreka. Nakala ziwe tatu, mbili kwenye vifaa tofauti na moja nje ya mtaa: mafuriko ya Desemba 2011 yaliingia majumbani kando ya Msimbazi, na diski iliyo juu ya kabati haina tofauti na iliyo sakafuni maji yakifika dirishani. Kila miezi sita nakala zifunguliwe na nyimbo chache zisikilizwe hadi mwisho.

Kadi ya Track 07 ya mfano wetu, baada ya hayo yote, ingesomeka hivi: kbps 128, mapigo 256, saini ya studio kwenye sekunde ya 9, ya msambazaji kwenye ya 30, kipande cha taarab kilichoongezwa kasi mara moja na nusu, kimetambuliwa na wasikilizaji wawili, biti imethibitishwa na watu wawili, kati ya 2010 na 2012. Mstari wa mchanaji bado uko wazi, na pembeni yake pana tarehe ya mara ya mwisho ulipoulizwa.